Jiwe Lililogeukia Ukuta

Mwenye haraka na airuke sura hii. Ndani yake mna meli moja, mto mmoja, jua lisilotaka kuzama, na mzee mmoja anayeulizwa jambo dogo ambalo angeweza kulijibu kwa pumzi moja. Hakulijibu kwa miaka kumi na tisa, na humo melini alikuwa bado anatafuta mlango wa nyuma.

Mzee huyo ni Lukelo Mgaya, fundi wa mawe ya msingi. Mawe hayo mnayajua. Kila zahanati, kila tangi la maji, kila darasa lenye bahati ya kuezekwa, hubandikwa ukutani bamba la marumaru lenye maneno yaleyale: jiwe hili la msingi limewekwa na Mheshimiwa fulani, siku fulani. Aliyefyatua matofali hatajwi, na aliyeteka maji ya kuchanganyia saruji ndiyo kabisa. Lukelo aliyachonga mabamba hayo ujana wake wote na uzee wake wote, na mara nyingine alilipwa ili afute, kwa kuwa waheshimiwa nao huanguka, na akianguka mmoja jina lake hukwanguliwa ili mwenzake apate pa kukaa. Siku alipostaafu, wakubwa wa ofisi walimpa zawadi ya safari katika Mto, kwenye nchi ya mafarao. Akawaone mafundi wenzake wa zamani, walisema, wakacheka, naye akacheka nao kwa adabu.

Hakumbuki alivyopanda meli. Anachokumbuka ni kwamba alijikuta ameketi kwenye sitaha na kikombe cha chai mkononi, mitende ikipita polepole ukingoni, na upande wa pili wa meza ameketi shemeji yake.

"Kamwene, shemeji," alisema Twilumba.

"Kamwene."

"Kunywa chai, inapoa."

Twilumba ni mjane wa kaka yake. Ana miaka sabini na miwili, amejifunga kitenge juu ya sweta la shule la rangi ya kijani, na mkoba wake mweusi hautoki pajani. Lukelo alimuuliza ni nani aliyemleta huku. Akajibu kwamba amejileta. Kisha akatazama maji, na Lukelo akajua kwamba safari hii haikuwa ya matembezi.

Kwa ukoo wao iko desturi moja ambayo haina ujanja. Mtu akifa, mdogo wake wa kufuatana ndiye humtaja wa kwanza kwenye tambiko. Humimina maji chini, akaita jina la marehemu mbele ya watu, na baada yake ndipo wengine huweza kuita. Mjane hawezi kumtangulia, watoto hawawezi, hata mkuu wa ukoo hawezi. Asipotajwa, hajafika. Yuko njiani tu, hana kwao huku wala kule. Matambiko kumi na tisa yalikuwa yamepita, na katika yote kumi na tisa Lukelo alipata udhuru: homa, kazi ya serikali, daraja limekatika, homa tena. Twilumba alikuwa amezeeka akisubiri mume wake afike.

Na jua halikuzama. Hili niliseme mapema, msije mkadhani nimesahau. Watu walilala walipochoka, wakaamka, wakakuta kivuli cha nguzo ya bendera kiko palepale kwenye ubao uleule wa sitaha. Wazungu wawili waliokuwa wakiandika tarehe kwenye madaftari yao waliacha kuandika. Mtu huzoea. Ukimnyang'anya mtu usiku, atalalamika siku mbili, ya tatu ataomba pazia.

Mwongozaji wao alikuwa mwanamke mrefu wa watu wa huko kusini mwa Mto, Bi Nafisa, mpole wa sauti, mkali wa mahudhurio. Kila waliporudi kutoka nchi kavu alisimama kwenye ngazi na rejesta mkononi, mistari arobaini na mmoja, akaita majina. Meli haing'oi nanga hadi daftari litimie, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Akifika mstari wa ishirini na tatu huita Lukelo Mgaya, na Lukelo huitika. Wa ishirini na tano ni Twilumba Mgaya, naye huitika. Lakini wa ishirini na nne ulikuwa mtupu. Nafisa hunyamaza hapo, kalamu ikiwa juu ya karatasi, kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha huendelea.

"Huyo wa ishirini na nne ni nani?" abiria mmoja alimuuliza.

"Nafasi imelipiwa," alisema Nafisa. "Jina sijapewa."

"Basi si umfute?"

"Mimi siyo kazi yangu kufuta."

Lukelo alitazama viatu vyake.

*

Hekalu la kwanza lilikuwa la malkia. Aliitawala nchi miaka ishirini na zaidi, Nafisa aliwaeleza, na alipokwisha kufa akaja mtu aliyeona heri malkia huyo asingekuwapo kamwe. Wakapelekwa mafundi. Ukutani palibaki wafalme na miungu wakinyoosha mikono kumpokea mtu ambaye hayupo, na mahali pake pana umbo la mtu lililodonolewa kwa chuma, kichwa, mabega, mguu uliotangulia. Lile duara la kamba ambalo huzunguka jina la mfalme lilikuwepo bado, na ndani yake pamekwanguliwa.

"Watu hawa waliamini jina ni kiungo cha mwili," alisema Nafisa. "Kama ini, kama mguu. Ukimwua mtu umemwua mara moja. Ukimfutia jina umemfuata kule alikokwenda."

Wenzake walipiga picha. Lukelo aliweka kidole ukutani, kwa kuwa mkono wa fundi huona bila macho. Akajua mambo ambayo Nafisa hakuyasema. Fundi huyu alikuwa wa mkono wa kushoto. Alikuwa na tindo butu. Alianza kwa ghadhabu kutoka juu, akachoka kiunoni, na kufika miguuni alikuwa anafanya tu ili siku ipite. Ni ajabu kumjua mtu hivyo, mtu aliyekufa miaka elfu tatu iliyopita, kwa uvivu wake.

"Nilipewa siku nne," sauti ilisema.

Nyuma ya nguzo aliketi mzee mwenye vumbi hadi kwenye kope, anakula mkate na kitunguu. Tindo lake la shaba lilikuwa kando yake. Lukelo hakushangaa, na hilo ndilo lililomshangaza.

"Siku nne ni chache," alisema.

"Chache mno. Ndiyo maana umbo limebaki. Wenye akili huniuliza, fundi, uliliacha kwa makusudi? Ulimpenda malkia? Nawaambia ndiyo, nilimpenda." Alitafuna. "Uongo. Niliishiwa muda tu. Wewe je?"

"Mimi nini?"

"Uliyemfuta wewe alikuwa nani?"

Lukelo alisema ana wito wa mahudhurio, akaondoka haraka kuliko magoti yake yalivyopenda. Kwenye ngazi Nafisa aliita. Ishirini na tatu, nipo. Ishirini na nne, kimya. Twilumba aliitika bila kuinua macho, na mkoba wake ulikuwa pajani.

*

Sasa nisimame kidogo. Jina ni kitu gani, hata wafalme wafutane kwa ajili yake? Halina uzito. Halishibishi. Punda hana na anaishi. Mtu huzaliwa bila jina, akapewa na wengine kwa matumizi ya wengine, yeye mwenyewe halihitaji, maana hakuna mtu anayejiita akiwa peke yake. Basi labda jina si la mwenyewe hata kidogo. Labda jina ni kile watu wengine wanachodaiwa: wafungue vinywa. Na mwenye mamlaka ni yule anayeweza kuvifunga vinywa vya watu huku akiwaachia meno na ulimi. Hahitaji bunduki kwa hilo. Anahitaji fundi.

Lukelo aliyawaza haya kwa njia yake, vipande vipande, akiwa amelala kitandani na pazia limevutwa, mwanga wa jua ukipenya pembeni.

Mimi nilitumwa.

Nilitumwa, na aliyenituma naye alitumwa.

Kama si mimi angefanya fundi mwenzangu Kihwelo, na Kihwelo angeharibu bamba.

Alisema mwenyewe, leta chaki. Alisema mwenyewe.

Hapo ndipo kila mara alipogeuka upande wa pili. Nasi tusigeuke naye, tulitazame.

Kaka yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ambayo yeye na wanakijiji waliijenga kwa mikono, misimu mitatu ya kiangazi. Bamba la kwanza lilichongwa na Lukelo bure: shule hii ilijengwa na wananchi wakiongozwa na mwalimu wao, na jina la mwalimu likafuata. Akaja Mheshimiwa kuifungua shule. Alisoma bamba, akatabasamu, akamwambia katibu wake kwamba maandishi ni mazuri ila yana watu wengi. Wiki ya pili Lukelo akapewa kazi. Aling'oa bamba la zamani, akalikwangua, akaleta jipya. Amri ilikuwa moja: chonga ndani, kidole kizame hadi ukucha, asije mtu akafuta.

Shida ni kwamba Lukelo hakuwa msomaji. Aliishia darasa la tatu. Tangu ujana wake, kaka yake ndiye aliyemwandikia kila neno kwa chaki juu ya marumaru, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni ulionyooka, naye akaifuata mistari kwa tindo. Siku ile alikaa mbele ya bamba jipya, amesimamiwa na dereva wa ofisi, hajui aanzie wapi. Kaka yake akatoka darasani na vumbi la chaki mikononi, akatazama, akaelewa. Watoto walikuwa madirishani.

"Leta chaki," alisema. Akapiga magoti, akaandika jina la yule Mheshimiwa aliyefuta lake, herufi kwa herufi, akiacha nafasi sawa. "Mheshimiwa ina herufi kumi. Usianze karibu na ukingo."

Muhula haukwisha. Mwalimu alihamishiwa mbali, mahali penye joto na maji mabaya, akafa mwaka uleule katika chumba cha kupanga. Walimzika majirani wasiomjua. Lukelo alikuwa kazini, anachonga bamba la tangi la maji, chaki sasa akiandikiwa na karani wa ofisi.

*

Hekalu la pili lilikuwa na lango kama vilima viwili. Nafisa aliwapeleka nyuma yake, akawaonyesha palipobomoka. Ndani ya ukuta mnene palikuwa na mawe madogo maelfu, yote yamechorwa: mikono, miale ya jua, mabinti wa mfalme. Palikuwa na mfalme aliyechukiwa, alieleza, wakaja waliomfuata wakabomoa mahekalu yake yote, na mawe wakayatupa humu kuwa kifusi cha kujazia malango yao wenyewe. Wakamfukia ili apotee. Na kwa kuwa walimfukia, upepo haukumfikia wala mchanga. Rangi zake ndizo zilizobaki mbichi kuliko za wote.

 Lukelo alimvuta shemeji yake pembeni, kwenye kivuli.

"Shemeji, nikuambie neno ambalo sijamwambia mtu."

"Niambie."

"Lile bamba la shule. Kabla sijalibandika, nililigeuza. Nyuma yake nikachonga jina la kaka. Liko ndani, limeukabili ukuta. Halijafutwa, shemeji. Miaka yote hii halijafutwa."

 Uso wa Twilumba haukufurahi wala haukukasirika.

"Ulichonga jina moja au yote mawili?"

"Yote mawili."

"Herufi kubwa?"

"Kubwa. Nzuri. Kama alivyokuwa akiziandika yeye."

"Chaki uliandikiwa na nani?"

Lukelo alikuwa hakulitarajia swali hilo. Alisema alijitahidi mwenyewe. Alisema upendo humfundisha mtu. Maneno yalikuja yenyewe, moja likimshika mwenzake mkono, na kadiri alivyoyasema ndivyo alivyoliona bamba lile, na mgongo wake umeandikwa, hata akalia machozi ya kweli. Twilumba alimpa leso.

"Na haya mawe," alimuuliza Nafisa aliyekuwa akipita, "yalikaa humo ndani muda gani kabla hayajaonekana?"

"Zaidi ya miaka elfu tatu, Bibi."

"Mimi nina sabini na miwili," alisema Twilumba, akaelekea kwenye meli.

*

Hekalu la mwisho liko mahali ambapo Mto si mto tena. Ulizuiwa kwa bwawa ukawa ziwa, na maji yalipopanda, wakuu wa dunia walikuja na misumeno, wakalikata hekalu la mfalme vipande vikubwa, wakalipandisha juu ya kilima na kuliunganisha tena hata mshono usionekane. Mfalme ameketi pale mara nne, mkubwa kuliko nyumba, jina lake limechongwa mabegani, kifuani, kwenye mikanda, kwa kina cha kiganja. Lukelo aliitambua amri iliyotolewa kwa fundi yule. Aliijua neno kwa neno.

"Na watu waliokaa hapa chini?" Twilumba aliuliza.

"Vijiji vyetu havikukatwa kwa msumeno," alisema Nafisa. "Viko pale." Alinyoosha kidole kwenye maji. "Cha bibi yangu kiko usawa wa lile boya. Kila nikija nakiita jina. Hiyo ndiyo desturi ya meli hii. Atakaye kumwita mtu wake, maji ni haya."

Abiria wakateremka ukingoni mmoja mmoja. Mzungu mmoja alimwita mtoto wake, akashindwa kupanda tena hadi aliposhikwa mkono. Twilumba hakwenda. Aliketi juu ya jiwe mbele ya Lukelo, akafungua mkoba wake kwa mara ya kwanza, akatoa kipande cha marumaru kilichofungwa kwenye kanga kuukuu. Kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha hesabu cha darasa la kwanza. Upande mmoja herufi nne za neno Mheshimiwa, za kina, nyeusi kwa uchafu wa miaka.

"Masika yaliyopita ukuta wa shule ulianguka," alisema. "Nilikwenda kuokota. Nilifikiri labda chaki yake imebaki mahali, kwenye kona, popote. Geuza."

Lukelo hakugeuza. Aligeuza Twilumba mwenyewe. Mgongo wa jiwe ulikuwa mtupu na laini, una alama za saruji tu.

"Vipande vyote nilivigeuza, shemeji. Kumi na kimoja."

Ziwa lilipiga ukingo. Lukelo alitaka kusema alitumwa. Alitaka kusema Kihwelo. Kisha kwa sababu asizozijua, labda kwa kuwa jua lile halikumpa pa kujificha, akasema kitu kilichokuwa kweli.

"Nilikuwa na muda. Dereva alikwenda kunywa soda. Nilikuwa na saa nzima. Nililigeuza, nikalitazama mgongo, nikaogopa. Nikalibandika hivyohivyo."

"Ulimwogopa nani? Dereva hayupo, Mheshimiwa hayupo."

"Sijui. Niliogopa tu."

"Haya," alisema Twilumba. Akatoa tindo na nyundo, zana za Lukelo mwenyewe, alizoziacha kwake siku ya msiba ambao haukuwa na maiti. "Saa yako nimekurudishia. Andika."

Akaandika. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na mistari ya chaki ya kufuata, ila kumbukumbu ya herufi za lile bamba la kwanza, na macho yalikuwa yamejaa maji. K ilitoka imeinama. A ikaja, na S iliyofanana na mtu mwenye kibiongo. Mkono ulishuka ndani, ndani, kama ulivyozoeshwa, maana miaka arobaini uliambiwa kidole kizame hadi ukucha. Twilumba alisema polepole, shemeji, usizamishe. Lakini mkono haukujua namna nyingine ya kumheshimu mtu. Kwenye T tindo lilikutana na herufi za Mheshimiwa zilizokuwa zikija kutoka upande wa pili, na jiwe likapasuka katikati bila kelele kubwa.

Lukelo alishika vipande viwili. Hapakuwa na nafasi mgongoni. Hapakuwahi kuwa na nafasi. Alichonga upande wa mbele kwa kina hata upande wa nyuma haukuweza kubeba neno, na hilo angelijua siku ileile kama angethubutu kupiga nyundo mara moja. Alilia kwa sauti, mzee mzima, miguuni mwa mfalme aliyeketi mara nne. Twilumba alimwacha alie. Alivikusanya vipande na kuvifunga tena kwenye kanga.

Nafisa alikuwa amesimama kwenye ngazi, rejesta mkononi. Aliita wa kwanza, akaita wa kumi. Walipanda.

"Lukelo Mgaya."

"Nipo."

Kalamu ikasimama juu ya mstari wa ishirini na nne. Muda wa kumeza mate ukapita. Nafisa hakuendelea. Lukelo aliinama, akateka maji ya ziwa kwa viganja, akayaacha yamwagike juu ya mchanga.

"Kastori," alisema. Sauti haikutoka vizuri. "Kastori Mgaya. Mwalimu. Ndiye aliyejenga shule."

Nafisa aliandika. Aliandika kwa utaratibu, herufi moja moja, na Lukelo alizitazama zote zikitokea kwenye karatasi. Kisha, kama sheria ya meli ilivyotaka, akainua kichwa na kuita.

"Kastori Mgaya."

Maji, na boya likicheza.

"Kastori Mgaya."

Abiria arobaini waligeukia maji. Mtu mmoja alivua kofia.

"Kastori Mgaya."

Alingoja kuliko alivyowahi kungoja. Kisha akaandika mbele ya jina: hayupo. Alipuliza wino ukauke. Kwenye ubao wa sitaha kivuli cha nguzo ya bendera kilikuwa kimesogea upana wa kidole, na wengine walikiona.

"Twilumba Mgaya," aliita.

Twilumba alifunga mkoba.

"Nipo," alisema.